Hesabu za uchumi zisiishie katika karatasi ya mtihani

Mwanafunzi wa uchumi afikapo mwaka wa pili katika chuo kikuu, hukutana na somo ambalo limewavunja moyo wengi waliomtangulia: maikroekonomia ya ngazi ya kati. Mwaka wa kwanza alichora mistari miwili, mmoja wa mahitaji na mwingine wa ugavi, na pale ilipokatana akasema bei imepatikana. Sasa anatakiwa kuonyesha kwa hesabu mistari hiyo inakotoka. Kalkulasi aliyoonjeshwa katika Kidato cha Nne haimfikishi mbali, na mbinu ya Lagrange inamngoja mlangoni.

Aghalabu yeye hukimbilia njia ya mkato. Hutafuta karatasi za mitihani ya miaka iliyopita, akakariri hatua moja baada ya nyingine, akafaulu, kisha akasahau. Hasara ya mtindo huu haimpati yeye peke yake, bali hutupata sote.

Tuchukue mfano wa unga wa mahindi. Tuseme jamaa fulani hununua pakiti 20 za kilo mbili kila mwezi, kila moja kwa shilingi 100. Bei ikipanda hadi shilingi 150, jamaa hiyo itahitaji shilingi 1,000 zaidi ili imudu kununua vyote ilivyozoea. Mwaka wa 1915, mwanauchumi Mrusi Eugen Slutsky alionyesha jinsi ya kuyagawa matokeo ya badiliko kama hilo mara mbili.

Kwanza, tuwape shilingi hizo 1,000. Ingawa wanaweza kununua pakiti zote 20, huenda wakachukua 16 na kuongeza viazi au mchele, maana unga umekuwa ghali ukilinganishwa na vyakula hivyo. Hiyo ndiyo athari ya ubadala. Pili, tuwapokonye shilingi hizo. Kwa kuwa sasa ni maskini zaidi, huenda wakaacha mchele na nyama, wakaurudia ugali na kununua pakiti 18. Hiyo ni athari ya kipato.

Atazamaye dukani ataona pakiti mbili tu zimepungua, adhani jamaa hiyo haikuumia. Aliyelielewa somo atatambua kwamba sahani imebaki na ugali mtupu.

Haya si mambo ya ubaoni tu. Mnamo Julai 2022, serikali ya Rais Uhuru Kenyatta iliteremsha bei ya pakiti hadi shilingi 100 kwa ruzuku. Septemba mwaka huo huo, Rais William Ruto alitangaza kuachana na ruzuku ya unga na kuielekeza kwenye mbolea, mfuko wa kilo 50 ukiuzwa kwa shilingi 3,500. Mjadala ulipamba moto, ila mwingi ulikuwa wa kisiasa. Swali la mwanauchumi lilikuwa hili: je, shilingi ya umma humfaa mnyonge zaidi ikitiwa katika bei, ambayo tajiri pia huifaidi, au ikikabidhiwa mkononi mwake?

Wapo watakaosema basi hesabu zipunguzwe. La, hasha! Bila hesabu, nani angetenganisha zile pakiti nne zilizopotea na mbili zilizorudi? Wapo pia wahadhiri watakaolalamika kwamba madarasa yamefurika. Kilio chao ni cha haki. Hata hivyo, haihitaji fedha kuanza mhadhara dukani na kuumalizia kwenye mlinganyo, wala kuongeza katika mtihani swali moja linalodai maelezo kwa maneno.

Nanyi wanafunzi, kila mkokotoapo jibu, liandikeni kwa sentensi mbili ambazo mama muuza mboga atazielewa. Mkishindwa, jueni bado hamjaelewa. Elimu bila amali, walisema wahenga, ni kama nta bila asali.