Sumaku inayopasua ganda la nyota

SIKU moja baada ya Tsunami kuangamiza zaidi ya watu 200,000 katika mwambao wa Bahari Hindi, dunia ilipigwa na wimbi jingine ambalo hakuna aliyelihisi.

Mnamo Desemba 27, 2004, miali ya gama kutoka nyota iitwayo SGR 1806-20 ililemea vifaa vya setilaiti kadhaa na kuvuruga tabaka la juu la anga. Kilele cha mlipuko huo hakikutimiza hata sekunde moja, lakini kilitoa nishati kuliko ile ambayo Jua hutoa kwa miaka 100,000.

Matukio hayo mawili hayakuhusiana, kwani miali hiyo ilikuwa imesafiri kwa makumi ya maelfu ya miaka. Hata hivyo, wataalamu wanaamini yalifanana kwa jambo moja: mkazo uliolimbikizwa kwa muda mrefu ulifyatuka ghafla.

SGR 1806-20 ni magineta, aina ya nyota ya nyutroni, yaani masalia ya nyota kubwa iliyolipuka. Upana wake ni takriban kilomita 20 tu, ilhali nguvu zake za sumaku huzidi za dunia zaidi ya mara trilioni moja.

Kwa mujibu wa nadharia iliyoasisiwa na Robert Duncan na Christopher Thompson mwaka wa 1992, sumaku iliyo ndani ya nyota hiyo imejipinda mithili ya kamba iliyosokotwa kupita kiasi. Inapojaribu kujinyoosha, hulivuta ganda la nyota.

Kamba hukatikia pabovu. Ganda linaposhindwa kustahimili, hupasuka na msokoto hupenya hadi nje. Huko, mistari ya sumaku hukatika na kuungana upya kwa mpangilio mtulivu zaidi. Nishati inayobaki hugeuka kuwa wingu la moto.

Sehemu ya moto huo hutoroka. Nyingine hunaswa na sumaku, ikazunguka pamoja na nyota huku ikipoa. Ndiyo maana mnamo 2004 miali ilipanda na kushuka kila baada ya sekunde 7.5, kwa takriban dakika sita.

Wataalamu wangali wanajadiliana iwapo mpasuko huanzia ndani ya ganda au nje yake.

Aidha, utafiti uliochapishwa 2025 ulionyesha kuwa mlipuko huo ulirusha angani elementi nzito zilizoundwa papo hapo, za jamii ya dhahabu. Huenda basi chembe kadhaa za pete ya arusi zilizaliwa siku ganda la nyota fulani lilipopasuka.