KUVU INAFIKA HATA JUU YA ANGA

Hapa Kalemie sote tunaijua kuvu. Wakati wa mvua unyevu unajaa nyumbani, na baada ya siku chache viatu, mkeka na ukuta vinaota madoa meupe au meusi. Wengine wanasema kuvu ni ya nyumba za maskini. Si kweli!

Tangu mwaka 2000 watu wanaishi kwa zamu ndani ya kituo cha anga, kinachozunguka dunia kwenye kimo cha kilometa 400 hivi. Hewa yake inachujwa mchana na usiku. Hata hivyo wataalamu walikuta kuvu humo, hata pale wanapoanika nguo za jasho. Katika kituo cha Warusi kilichoitwa Mir (1986–2001), iliota kwenye vyombo, hata kwenye dirisha.

Iliingia namna gani? Watu waliipeleka wenyewe, juu ya ngozi, nguo na mizigo. Mbegu zake ni ndogo sana, jicho halizioni. Zikipata unyevu na uchafu kidogo tu, basi, zinaota. Tena kuvu inatoa asidi inayoharibu vyombo. Ndiyo sababu hata lenzi ya mikroskopu inaingia madoa.

Je, inadhuru mwili? Mwenye afya anavuta mbegu hizo kila siku bila kuugua. Lakini mwenye pumu inambana kifua. Na aliyepona kifua kikuu anaweza kubaki na tundu ndani ya pafu, na kuvu ikaota humo. Ukikohoa damu, usiseme, "Mimi nilimaliza dawa." Njoo lopitalo upimwe!

Kuvu ya chakula nayo ni sumu. Mwaka 2004 huko Kenya watu 125 walikufa kwa mahindi yaliyoota kuvu. Kupika bukari hakuondoi sumu hiyo.

Basi, fanya hivi:

1. Fungua madirisha kila siku, hewa ipite.
2. Anika nguo na godoro juani.
3. Pangusa kuta kwa maji ya sabuni, umefunga kitambaa puani, kisha zikauke. Watu wa anga nao wanapangusa kila juma.
4. Kausha vizuri mahindi, muhogo na karanga. Vikiota kuvu, tupa. Usiwape hata kuku.

Kuvu inapenda unyevu. Nyumba kavu inaishinda.