Utangulizi: Gari la Zamani Likikosa Mafuta Johannesburg

Mtu anayependa kujifunza kutafuta hitilafu za mafuta katika magari ya zamani hawezi kupata mji wenye mafunzo mengi kuliko Johannesburg. Mji huu uko kwenye uwanda wa Highveld, mita 1,750 hivi juu ya usawa wa bahari. Maji ya chai huchemka hapa kabla ya kufika nyuzi 95. Barabarani bado yapo magari yaliyoundwa kabla kompyuta haijatawala injini: pikapu ndogo za Nissan 1400, wenyeji wanaziita bakkie, zilizotoka kiwanda cha Rosslyn karibu na Pretoria hadi 2008, Citi Golf za miaka ya mwanzo, mtindo uliozaliwa Uitenhage mwaka 1984 na kukoma 2009, na Hi-Ace za zamani zilizobeba abiria wa Soweto miaka nenda miaka rudi. Ukiyachanganya magari hayo na kimo hicho, utapata ugonjwa ambao dalili zake hudanganya.

Katika elimu hii nawakaribisha wasemaji wa Kiswahili waliotawanyika Yeoville na kwingineko mjini, wakiwamo mafundi waliotoka Lubumbashi, Dar es Salaam na Mombasa, ambao mikono yao ina ujuzi mkubwa lakini hawajapata kuandikiwa sababu za kile wanachokifanya. Nawakaribisha pia walio mbali. Nairobi iko karibu kimo hicho hicho, na anayepanda mlima wa Kitonga kwenda Iringa na gari lenye kabureta atayaona mengi ninayoyasema hapa kabla hajafika kileleni.

Tuanze na swali ambalo gereji nyingi huliruka. Gari likiwa zito mlimani, likisita na kukosa nguvu, mwenyewe husema halipati mafuta. Je, ni kweli? Katika Johannesburg mara nyingi si kweli. Kinachopungua ni hewa.

Mwaka 1648 mwanasayansi Blaise Pascal alimtuma shemeji yake, Florin Périer, apande mlima wa Puy de Dôme huko Ufaransa akiwa na bomba la zebaki, na zebaki ikashuka kadiri alivyopanda, kwa kuwa shinikizo la hewa lilikuwa likipungua. Jambo hilo hilo linaikuta injini iliyotoka Durban. Pwani shinikizo la hewa ni kilopaskali 101 hivi. Johannesburg ni karibu 83. Kila silinda inavuta ujazo ule ule, lakini uzito wa hewa iliyomo umepungua kwa takriban asilimia 17, na nguvu hupungua karibu kwa kiasi hicho. Injini ya kilowati 60 pwani hubaki na 50 hapa. Dereva aliyetoka baharini asubuhi, akapita njia ya mlimani ya Van Reenen na kuingia mjini jioni, ataapa kwamba pampu yake imekufa njiani.

Kabureta linaongeza tatizo juu ya tatizo, na hapa ndipo somo linapokuwa tamu. Hewa ikipita kwenye koo jembamba la kabureta huongeza kasi na shinikizo lake hushuka, jambo lililoelezwa na Giovanni Battista Venturi mwaka 1797. Mnyonyo huo ndio unaovuta petroli kupitia tundu la jeti. Hewa ikiwa nyepesi kwa asilimia 17, mnyonyo nao hupungua kwa asilimia 17. Lakini mtiririko wa petroli haupungui sawasawa na mnyonyo. Unafuata kipeuo cha pili chake, kwa hiyo petroli hupungua kwa asilimia 9 tu. Hewa imepungua kumi na saba, petroli tisa: mchanganyiko umekuwa mzito. Kwa hesabu, gari lililopangwa pwani kutumia gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, hapa hutumia 13.4 hivi. Plagi zinashika masizi meusi, moshi unanuka petroli, gari linakunywa kupita kawaida, na bado mwenyewe analalamika kwamba mafuta hayafiki! Fundi akimbadilishia pampu amemwibia, hata kama hakukusudia. Dawa ni jeti kuu ndogo zaidi, na kabla ya hapo kukagua filta ya hewa, kwa maana vumbi la majira ya ukavu, likiwemo lile linalopeperushwa kutoka kwenye vilima vya mabaki ya dhahabu, huiziba na kuufanya mji ulio juu uwe kana kwamba uko juu zaidi.

(Wageni kutoka pwani hudhani pia kwamba petroli ya oktani 93 inayouzwa bara ni duni. Hewa nyepesi hupunguza shinikizo ndani ya silinda, injini haigongi kwa urahisi, na 93 humtosha dereva wa hapa mahali ambapo mwenzake wa Durban huhitaji 95.)

Basi tunatofautishaje gari linalokosa mafuta kweli na lenye mafuta kupita kiasi? Kipimo cha kwanza hakina gharama, nacho ni choki. Endesha gari mlimani mpaka lianze kusita, kisha vuta choki kidogo, theluthi moja, mguu ukiwa umetulia kwenye pedeli. Choki hupunguza hewa na kuongeza mnyonyo wa petroli. Gari likipata uhai, lilikuwa na upungufu wa mafuta kweli. Likizidi kulegea na kutoa moshi mweusi, mafuta yalikuwa mengi tayari. Sijui kifaa cha bei yoyote kinachosema ukweli haraka kuliko hicho katika gari la kabureta. Baada ya hapo simamisha gari, fungua plagi na uzitazame: nyeupe kama chaki, mafuta haba; nyeusi kavu, mafuta tele.

Choki ikithibitisha kwamba mafuta hayafiki, kazi yenyewe inaanza, na kosa linalorudiwa kuliko yote ni kupima gari likiwa limesimama. Injini ndogo ikinguruma bila mzigo haimalizi hata lita moja na nusu kwa saa. Ikipanda mlima na mizigo hutaka mara kumi ya hapo. Pampu iliyochoka, filta iliyoziba nusu, bomba lililobonyea chini ya gari: vyote hivyo huitosheleza injini gerejini na kuishinda barabarani. Kwa hiyo tunapima wingi wa mafuta yanayotiririka, si shinikizo peke yake. Chomoa bomba kwenye kabureta, lielekeze kwenye chupa safi, kata umeme wa koili ili cheche zisiruke, zungusha injini kwa stata. Pampu nzuri inayosukumwa na injini hutoa karibu nusu lita kwa nusu dakika, kwa mapigo yenye nguvu. Mapigo yakiwa na viputo, acha pampu, rudi nyuma.

Viputo hivyo vinastahili aya yao. Katika magari haya pampu iko mbele kwenye injini na tangi liko nyuma, hivyo bomba lote kati yao liko kwenye mvuto. Mpira uliopasuka sehemu hiyo haumwagi tone hata moja chini. Unavuta hewa kuingia ndani. Fundi anapapasa, anakuta pakavu, anaupa mpira cheti cha uzima. Ninachoshauri ni kuyapita mabomba yote: weka mpira mfupi mpya kwenye pampu, utumbukize kwenye galoni ya petroli safi iliyofungwa imara mbali na joto, kisha urudie kupima. Mtiririko ukinyooka, hitilafu iko kati ya pampu na tangi, na umeipata bila kununua spea.

Kisha kuna gari linalokwenda vizuri dakika ishirini, likafa, likapumzika, likawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Wanne wanaweza kuwa wahusika. Tundu la hewa la kifuniko cha tangi likiziba, mafuta yakipungua tangini hubaki ombwe linaloizuia pampu. Gari linapozima tu, fungua kifuniko na usikilize mfyonzo wa hewa. Uchafu tangini huvutwa hadi kwenye chujio, na mvuto ukikoma hudondoka. Petroli inaweza kugeuka mvuke kwenye bomba lenye joto, na hapa kimo kinarudi tena: kama maji, petroli nayo huchemka mapema shinikizo la hewa likiwa dogo, hasa baada ya foleni ya jioni kwenye barabara kuu ya M1. Kitambaa chenye maji juu ya pampu kikilirudishia gari uhai, umemjua mhusika. Wa nne si wa mafuta kabisa. Ni koili ya umeme, ambayo ikichemka hukata na ikipoa hurudi. Tofauti yake ni namna ya kufa: koili hukata ghafla kama swichi, mafuta hufifia kwa kusitasita.

Magari yenye pampu ya umeme na injekta nayapa nafasi ndogo katika utangulizi huu, kwani kanuni ni ile ile na namba ndizo zinazobadilika. Kabureta huridhika na kilopaskali 20 hadi 35. Mifumo mingi ya injekta hutaka kati ya 250 na 300. K-Jetronic ya Bosch, iliyoanza 1973, hukaribia 500. Kabla ya kuilaumu pampu, pima volti kwenye ncha zake ikiwa inafanya kazi. Relei iliyoungua au waya wa ardhi wenye kutu chini ya gari hula volti mbili tatu, na pampu nzima inaonekana mgonjwa.

Hukumu yangu kuhusu desturi ya kubadilisha pampu leo, filta kesho na kabureta keshokutwa ni fupi: huo si ufundi. Katika maduka ya spea ya Jules Street mtu anaweza kumaliza bei ya bakkie yenyewe huku tatizo ni tundu la kifuniko. Basi, msomaji, kabla hujafika sura ya kwanza tafuta geji ya shinikizo, mita ya volti, chupa yenye alama za mililita na mita mbili za mpira wa petroli. Na kizima moto kikae mkononi mwa mwenzako, si kwenye stoo, kila mara unapofungua bomba la mafuta karibu na injini yenye joto.