Ala Iundwe Papa Hapa

Nimeagiza chepkong'o, kinubi cha Wakalenjin, kwa fundi mmoja hapa Sugoi. Wenzangu chuoni wananicheka: mbona nisinunue gitaa la dukani? Jawabu langu ni la kiisimu. Mwaka wa 1950, Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis zilizomtaja "Chemirocha", yaani Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Lugha isiyotofautisha j na ch ilimpokea mgeni kwa matamshi yake yenyewe. Leo twapokea gitaa pamoja na msamiati wake wote, ilhali majina ya sehemu za kinubi yanafifia. Walimu, agizeni ala za shule kwa mafundi wa vijijini. Wanafunzi waketi kando yao, wayaandike majina hayo. Ala yaweza kununuliwa siku yoyote. Jina likishasahauliwa halina duka.