Umeme Unaofungulia Chanjo Mlango

Mwili una askari wake, lakini kansa inawapita kwa sababu inazaliwa katika nyama yetu wenyewe. Chanjo ya DNA ni barua inayowaonyesha askari alama ya adui. Shida ni kwamba barua hiyo husomwa ndani ya chembe za mwili tu, na kwa sindano peke yake chache zinaingia. Basi waganga wanachoma sindano katika msuli, halafu wanapitisha umeme kidogo, kufumba na kufumbua. Unauma, ndiyo, lakini chembe zinafunguka.

Mwaka 2015 ilitangazwa habari ya wanawake ambao shingo ya kizazi ilikuwa imeanza kugeuka kuelekea kansa, kwa ajili ya kirusi cha HPV. Katika kila 100 waliochanjwa hivi, karibu 50 walipata nafuu. Kwa waliopewa dawa bandia, karibu 30. Mgeuko huo hauumi, kwa hiyo mama asingoje maumivu ndipo aje kupimwa.