Usisugue Hiyo Sarafu
Kwenye mkebe wa dani hapa Manyatta nilipata sarafu ya shilingi 40, ile ya 2003 yenye sura ya Kibaki, ya kuadhimisha miaka 40 ya uhuru. Nikaisugua na waya ya sufuria. Iling'aa, lakini mikwaruzo haitoki, na wakusanyaji huangalia hiyo haraka: sura imelika kiasi gani, rangi ya asili ipo? Wewe ishike ukingoni, iweke kwa bahasha kavu, basi. (Unyevu wa ziwa nao hausaidii.)

Kisha mtu mtandaoni akaahidi kuinunua kwa maelfu, mradi nimtumie kwanza 1,500 za "usajili". Nilikuwa nishaanza kubonyeza PIN, dani akauliza, "Kwani unauza ama unanunua?"

Nikaghairi.