Kununua Gari la Punda Lililotumika: Kasoro Hulipwa na Mnyama

Zipo familia nyingi za Kiislamu ambazo riziki yao ya kila siku hupitia kwenye gari la punda: maji, kuni, mchanga na mazao ya kupeleka gulioni. Kwa kuwa gari jipya ni ghali, wengi wetu hununua lililokwishatumika, na mazungumzo yetu huishia kwenye bei. Tunapenda kukumbushana kwamba katika biashara hii yupo wa tatu asiyeweza kusema. Muuzaji hupokea fedha, mnunuzi hupokea gari, na punda hupokea kasoro.

Imepokewa na Abu Daud kwamba Mtume (s.a.w.) aliingia katika bustani ya Ansari mmoja, na ngamia aliyekuwamo alipomwona akalia hadi machozi yakamtoka. Mtume alimpangusa mpaka akatulia, kisha akamkemea mwenyewe, akimtaka amche Allah kwa mnyama aliyemmilikisha. Kwani ngamia yule alikuwa amemshitakia njaa na kuchoshwa. Basi na tulikague gari kabla punda hajapata la kushitaki.

Tuanze na magurudumu. Inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono, kisha litikise. Likikwaruza au likicheza, beringi zimechoka, na punda atavuta mzigo pamoja na ukinzani huo. Matairi yote mawili yawe ya ukubwa mmoja, yasiwe na nyufa. Yakiwa ni ya motokaa, tazama ubavuni tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 1215 maana yake ni wiki ya 12 ya mwaka 2015. Tairi la umri huo laweza kupasuka hata kama meno yake bado yanaonekana.

Kisha fremu na mbao. Chunguza kila kiungo kilichochomelewa, hasa pale ekseli inaposhikana na fremu. Choma mbao kwa msumari. Ukizama kwa urahisi, ubao umeoza. Watoto watokao madrasa hupenda kudandia magari haya, na ubao uliooza hauchagui wa kumwangusha.

Tatu ni mizani. Pakia mzigo kiasi juu ya ekseli, kisha shika miti miwili ya mbele uiinue. Iwe myepesi mkononi. Ikiwa mizito, uzito huo utamkalia punda mgongoni. Ikiwa yataka kupaa, mkanda wa tumboni utambana.

Mwisho ni matandiko. Nira ni ya ng'ombe. Punda hana nundu ya kuitegemeza. Yeye huvuta kwa kifua, hivyo ahitaji mkanda mpana na laini kifuani, na mwingine nyuma ya mapaja wa kuzuia gari kwenye mteremko, kwani mengi ya magari haya hayana breki. Waya na kamba za nailoni humchana ngozi.

Nawe muuzaji, kumbuka kisa alichopokea Muslim: Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono katika rundo la nafaka, akakuta chini kumelowa. Akahoji kwa nini yale maji hayakuwekwa juu watu wayaone, akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika watu wake. Rangi mpya iliyopakwa juu ya ufa ni rundo lile lile. Na mnunuzi atakayegundua aibu iliyokuwapo kabla ya mauziano, bila ya yeye kuijua, sheria yetu imempa haki ya kurudisha.

Hapa Tanzania ipo pia Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Lakini muumini hangoji askari. Punda ametajwa kwa jina katika Surat An-Nahl miongoni mwa neema alizotuumbia Mola tuzipande, na neema ina hesabu yake. Shilingi tutakazookoa kwa gari bovu zisije zikawa deni letu Siku ya Kiyama.

Allah atujaalie kuwa wachunga amana. Amin.